Uzi wa Bears: Caleb Williams amekua kweli, au ni joto la Agosti tu?

MwanaLakeshore | 18 Agosti 2025

Wakuu salaam.

Jana usiku pale Soldier Field sisi Bears, timu ya futiboli ya Kimarekani ya hapa Chicago, tumewapiga Buffalo 38-0 kwenye mechi ya kujipima kabla ya msimu, na tangu asubuhi simu yangu haipumui. Kila kundi la WhatsApp la Wabongo wa hapa Chicago kuna mtu katupia kile kipande cha video: Caleb anaanzia karibu kabisa na mstari wetu, timu inatembea yadi 92, mwisho anamrushia Olamide Zaccheaus mpira wa yadi 36, tachidauni, yaani mpira umefika eneo la mwisho la adui. Jamaa mmoja kazini, ambaye Desemba aliapa hatazami tena Bears mpaka anaingia kaburini, leo kaja kavaa jezi namba 18 ya Caleb. Hata lebo hajakata.

Mimi nasema kijana amekua. Ila alikokua siko mnakotazama ninyi.

Kwa wageni wa mchezo huu: Caleb Williams ni kwotabeki wetu, yule anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua uende wapi. Alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2022 akiwa chuo cha USC, na kwenye drafti ya 2024, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ndiye aliyeitwa wa kwanza kabisa. Tukapiga vigelegele, tukasema mkombozi kafika. Tukamaliza msimu na ushindi 5 na vipigo 12, kumi kati ya hivyo mfululizo. Novemba kocha wa mashambulizi, Shane Waldron, akatimuliwa. Mwezi haujaisha, kocha mkuu Matt Eberflus naye akafuata, siku moja baada ya ile aibu ya Detroit, Sikukuu ya Shukrani, pale dakika zilipotuyeyukia huku haki yetu ya kusimamisha saa tunayo mfukoni. Mtoto ndiyo kwanza katimiza miaka 23, kabadilishiwa walimu mara mbili katikati ya muhula, halafu tunamuuliza mbona kafeli.

Sasa angalieni namba zake kwa makini. Yadi 3,541 za pasi, tachidauni 20, na pasi zilizonyakuliwa na wapinzani ni 6 tu. Kuna kipindi alirusha pasi 353 mfululizo bila hata moja kuibiwa, rekodi kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Sifa hizo. Lakini huyohuyo kalazwa chini na mpira mkononi mara 68, na ligi nzima hakuna aliyelazwa kuliko yeye. Watu wanazisoma hizi kama habari mbili: nzuri ni ya Caleb, mbaya ni ya ukuta wa mbele, wale wanaomkinga. Mimi naona ni habari moja. Kijana alikuwa anaogopa kukosea. Haoni mtu aliye huru asilimia mia, basi anashika, anashika, anazunguka, anashika tena, mpaka jitu la kilo 130 linamkalia kifuani. Ukiukumbatia mpira namna hiyo hutaibiwa, lakini utaliwa.

Ukuta nao ulikuwa mbovu, sikatai. Ndiyo maana katikati yote ni mpya: Joe Thuney katoka Kansas City, mtu mwenye pete nne za ubingwa wa ligi (Super Bowl), senta Drew Dalman (senta ndiye anayempa kwotabeki mpira) katoka Atlanta, Jonah Jackson katoka Rams. Kocha mkuu sasa ni Ben Johnson, aliyekuwa anaendesha mashambulizi ya Detroit. Kwotabeki wa huko, Jared Goff, mwaka jana chini yake alifikisha asilimia 72 ya pasi zake.

Na kazi yenyewe ya miezi hii saba ilikuwa nini? Si kurusha mbali. Mkono anao tangu yuko sekondari Washington DC. Kazi ilikuwa vitu vinavyochosha hata kuvisimulia: kuingia kwenye duara la wenzake kumi na kutamka agizo refu kama anwani ya posta bila kigugumizi. Chuoni ishara zilitoka pembeni ya uwanja, hakuna duara. Kusimama mgongoni kabisa mwa senta, jambo ambalo chuoni hakulifanya sana. Kuwapa adui kisogo wakati wa danganya-toto, akijifanya anamkabidhi mkimbiaji, halafu ageuke na miguu iwe tayari imeelekea mahali mpira unakokwenda. Johnson anapenda kuwahamisha watu kabla mpira haujaanza, huyu kulia, yule kushoto, na kila uhamisho una sekunde yake. Mmoja akichelewa, ngoma yote imekwenda kombo.

Kwa hiyo jana mimi sikuipenda ile pasi ya yadi 36 kama wengine mlivyoipenda. Nilipenda kwamba shambulizi lile lilikwenda uwanja mzima na mambo yakafika kwa wakati.

Karibuni. Matusi hapana.

Kigogo_wa_Aurora | 18 Agosti 2025

Mleta mada umeandika vizuri, na mimi nakuheshimu. Lakini niko nchi hii tangu 1998 na nimezika makwotabeki kuliko mlinzi wa makaburi.

2017 tulimchukua Mitchell Trubisky wa pili kwenye drafti. Patrick Mahomes alikuwepo hapohapo, akaondoka wa kumi. 2021 tukamchukua Justin Fields. Kila Agosti tuliambiwa "safari hii miguu imetulia", "safari hii anausoma ulinzi kama gazeti". Mimi hizo habari za miguu nimezisikia mpaka miguu yangu inaniuma.

Klabu hii ndiyo pekee katika ligi isiyowahi kuwa na kwotabeki wa yadi 4,000 kwa msimu. Tangu dunia iumbwe. Rekodi yetu ni ya Erik Kramer, yadi 3,838, mwaka 1995. Hapo mimi nilikuwa bado niko Moshi nauza mitumba.

Basi nasema hivi, na mashahidi ni ninyi. Caleb akifikisha yadi 4,000 msimu huu, nachinja mbuzi. Mbuzi mzima, si wa kilo. Tunakutana Montrose, pembeni ya ziwa, Juni. Asipofikisha, MwanaLakeshore anachinja.

Napita_Tu | 18 Agosti 2025

Mimi sijui hata mpira wenyewe unachezwaje. Nimesoma neno mbuzi. Nimekaa paleeee.

BintiMakunduchi | 19 Agosti 2025

Habari zenu. Samahani, swali la mshamba: huyo kwotabeki ni sawa na namba 10 wetu? Maana nikiona anavyosifiwa na kulaumiwa peke yake najiuliza wale wengine wanalipwa kwa kazi gani.

MwanaLakeshore | 19 Agosti 2025

Dada, hakuna swali la mshamba humu. Namba 10 akiwa na siku mbaya unamtoa, au timu inapita pembeni. Huyu hapitwi. Mpira lazima uanzie mikononi mwake, shambulizi baada ya shambulizi, na ana kama sekunde mbili na nusu hivi kabla watu hawajamfikia. Ndani ya hizo sekunde anatakiwa aangalie mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio aliokariri tangu Jumatano. Chukua namba 10, ongeza kipa anayeanzisha, ongeza na nahodha anayepanga ukuta. Halafu mfunge saa shingoni.

Wengine wanalipwa ili asiuawe.

Raga254 | 19 Agosti 2025

Wasee, kutoka Nakuru hapa. Mimi ni mtu wa raga lakini NFL, hiyo ligi yenu ya Marekani, nimeanza kuifuata tangu enzi za Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza ligi hiyo, akiwa Colts mwaka 2013. Jamaa alitoka raga moja kwa moja bana!

Kwa raga kuna namba 10 pia, fly-half, na hapo ndio naelewa hoja ya mleta uzi. Ukimpata kijana mwenye mguu na kasi, mazoezini anakaa mfalme. Siku ya mechi ukuta unamjia, anaanza kukimbia kando kando badala ya mbele. Kumfunza apige mpira mapema, kabla hajaona nafasi, ni kazi ya mwaka mzima. Lazima aamini mwenzake atafika pale. Hiyo imani hainunuliwi na haionekani kwa video ya sekunde kumi.

Lakini nauliza: kwa nini kocha na mchezaji wenyewe waliongea mambo ya asilimia 70? Si ni wao walituwekea hiyo mizani?

Kigogo_wa_Aurora | 19 Agosti 2025

Kumbe kuna mwenye akili Nakuru. Mjibu huyo.

MwanaLakeshore | 19 Agosti 2025

Kweli walisema wanalenga asilimia 70 ya pasi zifike. Mwaka jana alikuwa na 62 na nusu. Na Caleb mwenyewe kasema anazitaka hizo 4,000. Sawa, kocha kumwekea mchezaji lengo la juu ni kazi yake. Shida ni sisi kulichukua lengo la darasani tukaligeuza hati ya madai. Asilimia inadanganya. Nikitaka zifike 75 namwambia atupe pasi za yadi tatu tatu kutwa nzima, zote zitafika na tutafungwa 30-9. Na akiutupa mpira nje kwa makusudi ili asilazwe, hiyo inahesabika kama pasi iliyokosa, wakati kwangu mimi ni ushahidi kwamba amekua.

Mkitaka namba moja ya kushika, shikeni ile 68. Ikishuka chini ya 40, jueni kuna kitu kimetokea kichwani mwake na mbele yake. Mengine yatakuja yenyewe.

Jibini_Damu | 19 Agosti 2025

Salamu kutoka Wisconsin, kwa watani wenu Green Bay Packers. Kila mwaka mwezi wa nane Bears ni mabingwa, kila mwaka mwezi wa kumi na moja wanatafuta kocha. Endeleeni, mnatuburudisha.

MwanaLakeshore | 19 Agosti 2025

Januari tuliwakuta kwenu Green Bay tukawafunga 24-22 kwa mkwaju wa mwisho. Nikukumbushe tu.

Jibini_Damu | 19 Agosti 2025

Ushindi wa tano, baada ya vipigo kumi. Hongereni.

Papa_Uvira | 20 Agosti 2025

Jambo bandugu. Miye niko Buffalo tangu 2016, tuko Wakongomani wengi hapa. Kweli mulitupiga 38, lakini museme na ukweli wote: kwotabeki wetu Josh Allen hakucheza. Mulipiga watoto wetu.

Nataka niseme kitu juu ya Allen, kwa sababu watu wanamutumia kama mfano bila kukumbuka. Alipofika 2018 pasi zake zilifika asilimia 52 na kidogo. Hapa mutaani watu walicheka, walisema huyu anarusha mawe. Mwaka wa pili, 58 na kitu. Bado watu wanagombana. Ni mwaka wa tatu, 2020, ndiyo ikapanda mpaka 69, na ule mwaka alikuwa ameletewa Stefon Diggs wa kumupokelea. Kila mapumziko alienda kwa mwalimu wake wa kurusha, akarudi na kitu kimoja kimerekebishwa. Si vitu kumi. Kimoja.

Leo kila mutu wa Buffalo atakuambia "miye nilijua tangu mwanzo". Uongo. Tulikuwa pamoja kwenye basi, nilisikia walichokuwa wanasema.

BintiMakunduchi | 20 Agosti 2025

Baba hapo kwenye basi umenichekesha. Huku kwetu ni yaleyale. Simba na Yanga wakitambulisha mchezaji Agosti uwanja mzima unalia kwa furaha. Novemba watu haohao wanauliza nani alimsajili.

Kigogo_wa_Aurora | 20 Agosti 2025

Papa Uvira nimekuelewa, lakini Allen hakuchaguliwa wa kwanza. Wa kwanza ana deni lake. Na msisahau wa pili wa drafti ileile, Jayden Daniels. Yeye hakuomba miaka mitatu. Mwaka wa kwanza tu kaifikisha Washington kwenye mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, kapewa tuzo ya mchezaji bora wa mashambulizi kwa wageni wa ligi. Na njiani katukanyaga sisi kwa ile pasi ya Salamu Maria, ya mbali ya kubahatisha mwishoni, 18-15, muda umekwisha, beki wetu mmoja yuko bize kuwazomea mashabiki jukwaani. Ile siku nilizima televisheni nikakaa gizani nusu saa.

MwanaLakeshore | 20 Agosti 2025

Mzee, na mimi ile pasi bado naiota. Ila kuna wa kwanza mwingine umemruka: Goff huyuhuyu. Kaitwa wa kwanza 2016, kaanza mechi saba, kapoteza zote saba. Watu wa Los Angeles wakamwandikia tanzia. Mapumziko yakaja, kocha mpya Sean McVay akaja, na mwaka uliofuata timu ikashinda mechi 11. Ulikuwa mkono uleule.

Lingine, halafu naenda kazini. Mwezi Mei zilivuma habari kwamba msimu wa kwanza Caleb alikuwa anaachiwa kutazama video za mechi peke yake bila wa kumwongoza. Mwenyewe alieleza kwamba watu hawakulipokea jambo lile alivyolimaanisha, na mimi sikuwepo chumbani. Lakini nilipokuja Marekani, kazi yangu ya kwanza nilipewa mashine na kijitabu, msimamizi akaenda zake kula. Niliiharibu ile mashine siku ya pili. Sikuwa mjinga.

Napita_Tu | 20 Agosti 2025

Mbuzi yuko palepale lakini?

Kigogo_wa_Aurora | 20 Agosti 2025

Yuko palepale.

Kigogo_wa_Aurora | 9 Septemba 2025

Nimekuja kuufufua uzi. Mechi ya kwanza, nyumbani, tunaongoza, robo ya mwisho tunamwachia J.J. McCarthy wa Vikings, mtoto wa hapahapa vitongojini, anageuza mechi. 27-24. Miguu iko wapi?

Kigogo_wa_Aurora | 14 Septemba 2025

Detroit 52, Bears 21. Hao ndio waliomlea Johnson. MwanaLakeshore, mbuzi wa dume au wa jike?

MwanaLakeshore | 14 Septemba 2025

Kupigwa 52 ni kazi ya ulinzi pia, usimbebeshe kijana magunia yote. Ila leo sina la kusema. Nakwenda kulala.

Raga254 | 14 Oktoba 2025

Nani yuko macho? Huku ni alfajiri, sijalala, kazini naenda hivyo hivyo. 25-24! Washington, kwao, mkwaju wa mwisho kabisa, mbele ya Jayden Daniels. Salamu Maria imelipwa.

BintiMakunduchi | 14 Oktoba 2025

Nimetazama robo ya mwisho tu, baada ya adhana. Sasa naelewa ulichosema kuhusu kuutupa mpira nje. Kuna sehemu kautupa nikashangilia, mume wangu ananiuliza unashangilia nini na hajapata kitu.

MwanaLakeshore | 14 Oktoba 2025

Dada, wewe umeshahitimu.

Jibini_Damu | 11 Januari 2026

Nimekuja mwenyewe kabla hamjaniita. Tulikuwa mbele 21-3 mapumziko, mtoano, na tumefungwa 31-27. Na Desemba mlitufunga kwenye muda wa nyongeza. Sitaki kuongea.

MwanaLakeshore | 19 Januari 2026

Wakuu, imekwisha. Rams 20, Bears 17, muda wa nyongeza. Nimerudi nyumbani sauti sina.

Wengi mtakumbuka ile pasi kwa mpokeaji wetu Cole Kmet: jaribio la nne na la mwisho, sekunde zinahesabika, Caleb anarudi nyuma, nyuma, nyuma mpaka nikafunga macho, halafu anaurusha akiwa anaanguka, unafika. Pale ndipo mkono wake wa Mungu ulipo, wala hakuna kocha aliyemfundisha. Kisha kwenye nyongeza pasi yake ikanyakuliwa, na ndiyo ikatumaliza. Yote mawili ni yeye.

Hesabu sasa. Ushindi 11, vipigo 6, tumeongoza kundi. Asilimia ya pasi: 58. Ndiyo, 58. Ameshuka! Lengo la 70 halikuonekana hata kwa darubini. Tachidauni 27, zilizonyakuliwa 7. Na ile niliyowaambia mshike, kulazwa chini: kutoka 68 hadi 24.

Yadi 3,942 za msimu wa kawaida, mtoano hauhesabiwi. Rekodi ya Kramer ya miaka thelathini imevunjwa.

Kigogo_wa_Aurora | 19 Januari 2026

3,942 si 4,000. Nilisema 4,000. Mashahidi mpo.

Raga254 | 19 Januari 2026

Yadi 58 mzee? Hiyo ni pasi mbili nzuri. Kweli utadai mbuzi kwa pasi mbili?

Kigogo_wa_Aurora | 19 Januari 2026

Nadai. Ila nakiri hadharani, kwa mara ya kwanza tangu 1998: huyu sijamzika. Jana kwa ile ya Kmet nilipiga kelele mpaka jirani Mpolandi akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Papa_Uvira | 19 Januari 2026

Bandugu, mwaka wa pili wa Allen pia ilikuwa 58. Asilimia. Miye nanyamaza.

MwanaLakeshore | 20 Januari 2026

Nimeshindwa kwa yadi 58, sitoroki. Mbuzi nanunua mimi. Mkaa, pilipili na usafiri wa Napita_Tu ni juu ya Kigogo, kwa sababu alisema "miguu iko wapi" na miguu imepatikana.

Napita_Tu | 20 Januari 2026

Juni tarehe ngapi?